Mahali Alipolala Binti Yangu

Karatasi zilikuwa nne. Binti yangu alizichapisha chuoni kwake Columbus, akaja nazo nyumbani Louisville wakati wa Krismasi ili anisomee tukiwa tumekaa. Alikuwa mwaka wa tatu, akisoma mambo ya wadudu na misitu, na chuo kilikuwa kinampeleka Kosta Rika kwa miezi mitatu na nusu, yeye na wenzake kumi na mmoja, wakajifunze ndani ya msitu wenyewe. Karatasi zile hazikusema lolote kuhusu masomo. Zilieleza watakavyoishi.

Alinisomea mezani, kwanza kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika. Mwezi wa kwanza watakaa kwenye kituo cha utafiti, katika nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya nguzo. Wasichana wanane chumba kimoja, vitanda vya juu na chini. Madirisha hayana vioo, ni wavu wa waya. Maji ya kuoga ni ya baridi. Nguo hazikauki, kwa hiyo usilete nyingi. Kabla ya kuvaa buti igeuze uikung'ute, kwa sababu ya nge. Mtandao unapatikana kwenye jumba la kulia chakula tu. Baadaye kila mwanafunzi atapewa familia kijijini, akae nao kama mtoto wa nyumba, na mwisho wote watarudi kituoni kuandika walichokiona.

"Choo kiko wapi?" nikamwuliza.

"Inje, papa. Unatembea kidogo."

Nilicheka, ila si kwa furaha. Mtoto huyu alizaliwa kambini Burundi. Alilala chini ya turubai mpaka alipofikisha miaka tisa, na choo chetu kilikuwa nje, unatembea kidogo. Tulipofika Amerika na kupewa funguo za nyumba hapa Okolona, mtaa wa Louisville, jambo la kwanza nililofanya ni kumpeleka kwenye dirisha la chumba chake na kumwonyesha jinsi kioo kinavyopanda na kushuka. Alikipandisha na kukishusha mpaka mama yake akamkataza. Sasa alikuwa ananisomea, kwa sauti ya mtu aliyebahatika, kwamba amechaguliwa kati ya wengi ili akalale penye madirisha ya wavu.

"Mama," nikamwambia, maana ana jina la mama yangu mzazi na sijawahi kumwita vingine, "sisi tulikimbia maisha hayo."

"Najua, papa. Lakini mimi sikimbie kitu. Naenda, halafu narudia."

Nilizichukua zile karatasi nikazipitia ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta mahali pa saini ya mzazi. Hapakuwepo. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Mke wangu hakuwepo. Tangu mwezi wa kumi alikuwa Buffalo, kule Lower West Side, akimhudumia mama yake aliyepooza upande mmoja. Kwa hiyo kazi ya kumfungashia binti ilikuwa yangu, na niliifanya kwa namna ninayoijua. Katika milima ya Kivu Kusini nilikuwa muuguzi. Kituo chetu cha afya kilikuwa na vyumba vitatu na daktari alikuja mara moja kwa mwezi, kwa hiyo siku nyingine zote daktari nilikuwa mimi. Hapa Louisville nasukuma mizigo kwenye ghala, lakini watu wetu wa Okolona bado wananiita dokta. Mtoto akipata homa wananipigia simu kabla ya kwenda hospitali.

Basi nilimwekea binti yangu pamba, bandeji, sabuni ya vidonda, dawa ya minyoo, chumvi za kuchanganya na maji mtu akiharisha, na parasetamoli. Juu yake nikaweka chupa kubwa ya ibuprofeni, ile ninayoimeza mwenyewe mgongo unapokaza baada ya kazi.

"Papa, kule kuna pharmacie," alisema.

"Pharmacie haikujui wewe," nikamjibu.

Nilimpeleka uwanja wa ndege wa Columbus mwenyewe, saa tatu na nusu za barabara. Wenzake walikuwa wameshafika, na mabegi yao makubwa ya mgongoni, pamoja na wazazi waliokuwa wakipiga picha. Baba mmoja aliniambia kwamba yeye na mkewe wataruka kwenda kumtembelea mtoto wao katikati ya safari. Akaniuliza kama nami nitakwenda. Nilisema labda. Ukweli ni kwamba mke wangu aliapa uraia miaka mingi iliyopita na binti akaupata kupitia kwake, lakini mimi nilikuwa nimeahirisha mtihani ule kila mwaka, kwa kuogopa Kiingereza changu. Katika nyumba yetu mimi ndiye mtu pekee asiye na pasipoti.

Mwezi wa kwanza alinipigia kila Jumapili kutoka kwenye jumba la kulia. Nilimwona kwenye simu akiwa na nywele zenye unyevu, nyuma yake watu wakipita na sahani za wali na maharage. Alinieleza juu ya sisimizi wa kule wanaokata majani na kuyabeba juu ya vichwa vyao, mstari mrefu kama watu wanaotoka sokoni. Kazi yake ilikuwa kuwafuata na kuandika wanapokwenda. Wale wasichana wanane walikuwa wamegawana kamba za kuanikia nguo, kila mmoja kipande chake, na aliyelala kitanda cha juu dirishani alikuwa amefanya urafiki na mjusi. Matandiko yalinuka ukungu. Wawili walilia wiki ya kwanza wakitaka kurudi kwao.

"Na wewe?"

"Mimi nililala siku ya kwanza kama mutoto," alisema. "Papa, mvua inapiga juu ya mabati. Ni kama nilikuwa najua ile sauti."

Mimi ile sauti ilikuwa inaniamsha, kule kambini, nikashike nguzo turubai lisibebwe na upepo.

Mwezi wa pili akahamia kwa familia. Nilimwona mama wa nyumba ile mara moja kwenye simu. Alikuwa mwanamke mfupi wa umri wangu, aliyevaa aproni, na alinipungia mkono akasema maneno mengi ya Kihispania. Mumewe alikuwa amekufa na watoto wake wameoa mjini. Alikuwa mpishi katika shule ya kijiji. Binti yangu alipewa chumba cha mbele chenye kitanda kimoja na picha ya Bikira Maria. Alikuwa akimwita mama. Jambo hilo lilinichoma kidogo, lakini sikumkataza, kwa sababu mtu unamwita mama yule anayekupa kula.

Jumapili ya pili ya mwezi huo nilikuwa nimetoka kanisani, bado nimefunga tai, simu ikalia.

"Papa, sijisikie bien," alisema. "Kichwa inaniuma nyuma ya macho. Na mifupa, yote."

Nikakaa kitini. Nikamwuliza maswali yangu ya zamani, moja baada ya jingine. Ilianza lini? Unatetemeka? Unatapika? Mkojo una rangi gani? Umepima homa? Alinijibu yote kwa utaratibu, kama wagonjwa wangu wa zamani kwenye benchi la kituo.

Nitasema ukweli. Nilifurahi. Kwa miaka kumi na miwili yeye ndiye aliyekuwa ananisaidia mimi. Alisoma barua zangu, alikwenda nami hospitalini kunitafsiria maneno ya daktari, alizungumza na watu wa bima akiwa bado wa shule ya msingi. Siku ile yeye ndiye alikuwa ananiuliza mimi, na jambo lenyewe nililijua.

"Malaria," nikasema. "Waambie wakupime."

"Huku hawana sana malaria, papa. Na mama wa hapa anasema ninywe tu parasetamoli na maji mingi. Anasema nisikunywe dawa ingine."

"Yeye ni muuguzi?"

"Hapana. Anapika kwa masomo."

"Bon. Mimi ni muuguzi. Parasetamoli haiwezi maumivu ya mifupa. Twaa ile chupa kubwa. Viwili asubuhi, viwili saa sita, viwili jioni, baada ya kula."

Nilisikia jogoo nyuma yake.

"Papa, una hakika?"

"Nina hakika."

Akasema sawa.

Jumatatu alinitumia ujumbe mfupi kwamba maumivu yamepungua. Nilimwonyesha mwenzangu wa kazini ule ujumbe, Mrundi mmoja tunayesukuma naye mizigo, nikamwambia, "Unaona? Kazi haisahauliki."

Kwenye ghala letu simu hazikubaliwi ndani. Unaifungia kwenye kabati, unaiona tena wakati wa chakula. Jumanne saa sita nilifungua kabati nikakuta nimepigiwa mara saba na namba ya ugenini. Nilitoka mpaka kwenye maegesho ya magari, nikapiga. Alipokea yule mama.

Alianza kusema mbio, na mimi nikasema, kwa Kiswahili, "Pole pole, mama, pole pole." Hakuelewa neno, ila sauti aliielewa. Akaanza tena, neno moja moja, kama anayemlisha mtoto.

"Fiebre," alisema.

Hilo nililijua. Kwa Kifaransa cha shule ya uuguzi ni fièvre, homa.

"Sí," nikasema.

"Sangre. De la nariz."

Sang. Nez. Damu, ya pua. Niliegemea gari la mtu.

"Pastillas," akasema, na sauti yake ikapanda. "No, señor. Pastillas, no."

Neno hilo pia lilikuwa jirani ya Kifaransa: vidonge. Nilielewa kwamba ameiona chupa, na kwamba alikuwa ananiambia mimi, aliyeituma, kwamba haikufaa. Baada ya hapo alisema hospitali, akataja mji, akakata simu. Labda gari lilikuwa limefika. Nilisimama pale na simu mkononi mpaka kengele ya kurudi kazini ikalia. Niliingia. Nilisukuma mizigo karibu saa nzima kabla ya kumwambia msimamizi wangu kwamba naomba kwenda nyumbani. Sielewi mpaka leo kwa nini nilirudi ndani kwanza.

Mwalimu aliyesimamia wanafunzi alinipigia nikiwa jikoni kwangu. Alisema Kiingereza taratibu, kwa heshima. Ilikuwa homa ya dengi, inayoletwa na mbu wa mchana. Si ugonjwa nilioutibu milimani kwetu. Alisema chembe zinazogandisha damu zimeshuka sana na madaktari wanahofia kutokwa na damu ndani ya mwili. Kisha akauliza: "Unajua kama alikuwa ametumia dawa yoyote? Madaktari wanataka kuhakikisha."

Ningeweza kusema sijui. Binti alikuwa amelala, na huenda chupa ilikuwa imeshatupwa.

"Ibuprofeni," nikasema. "Sita kwa siku. Siku mbili. Ni mimi nilimwambia."

Akasema asante, hilo linasaidia, na kwamba watu wengi hawajui kuwa katika dengi dawa hiyo inazidisha damu kutoka. Alisema hivyo kwa upole. Hakujua kwamba mimi sikuwa mmoja wa watu wengi.

Nilimpigia mke wangu. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama, na alinisikiliza bila kunikatiza. Nyuma yake niliisikia sauti ya mama mkwe ikiomba maji.

"Yule mama wa kule alimukataza," mke wangu akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Na wewe ukamuambia akunywe."

"Ndiyo."

"Bon," alisema. "Ngoja nimupe mama maji. Kisha naita wamama wa kanisa, tuombe."

Alikuwa na pasipoti, lakini hakuwa na mtu wa kumwachia mgonjwa wake. Mimi nilikuwa na miguu miwili na siku za likizo, lakini sikuwa na pasipoti. Tuliyazungusha hayo mara tatu au nne kwenye simu na kila mara tukarudi palepale. Mwalimu alikuwa amesema ni vizuri zaidi tusubiri.

Nilisubiri Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Watu wa Okolona walikuja kuniona. Mama mmoja alikuja na mtoto wake mwenye kikohozi akaniuliza ampe nini. Nilimwambia ampeleke hospitali. Alinitazama kama niliyemfukuza.

Jumamosi niliingia garini nikaendesha mpaka Columbus. Sikuwa na sababu ya maana. Nilijiambia kwamba ofisi ya chuo itakuwa na habari zaidi, ingawa nilijua kuwa Jumamosi hawafungui. Nilikuta mlango umefungwa, nikaenda kuegesha mbele ya bweni alilokaa kabla ya kusafiri. Ni jengo la ghorofa nyingi lenye vioo kila upande. Nilijaribu kukumbuka dirisha lake. Nilihesabu kutoka chini, nikapotea, nikaanza upya. Wanafunzi walikuwa wanaingia na kutoka na vikombe vyao. Kijana mmoja wa kike aliniinamia dirishani.

"Wewe ndiye umeleta chakula?"

"Hapana," nikasema. "Mimi ni baba wa mtu."

"Oh. Nikuitie? Yuko ndani?"

"Hapana. Hayuko."

Alinisubiri niendelee. Akaniambia siku njema, akaenda kumtafuta mwenye chakula chake. Nilikaa pale mpaka jua likaanza kushuka nyuma ya jengo, kisha nikageuza gari. Njiani sikuwasha redio.

Jumapili zile chembe za damu zikaanza kupanda. Mwalimu ndiye aliyetuambia, mimi na mke wangu kwa simu moja, na mke wangu alilia mpaka sauti ikakatika. Jumatatu binti alipiga mwenyewe. Sauti yake ilikuwa nyembamba, kama imepitishwa kwenye chujio.

Alisema yule mama alikuwa amekaa naye hospitalini siku zote, kwenye kiti cha plastiki. Usiku aliopata homa nyumbani, kabla ya gari kupatikana, mama alikuwa amemhamishia kwenye kitanda chake mwenyewe, naye akalala chini, juu ya mkeka, akiushika mguu wake ili ajue akiamka.

"Mama," nikamwambia, "rudi nyumbani. Nitakuja kukuchukua Columbus."

"Papa, zimebakia wiki saba."

"Utaugua tena."

"Mama wa hapa atanichunga. Na kazi yangu haijaisha."

Nilitafuta neno la kumwamuru. Wiki moja nyuma nilikuwa nalo.

"Basi mwambie asante kwa ajili yangu," nikasema.

Niliwasikia wakiongea Kihispania, binti yangu maneno mengi kuliko niliyompa, na yule mama akijibu.

"Anauliza kama unakula," binti akasema. "Anasema ile siku sauti yako ilikuwa ya mutu mwenye hakule."

Alimaliza wiki zake saba, zile za mwisho kituoni, kwenye kile chumba cha wasichana wanane chenye madirisha ya wavu. Nilimpokea Columbus mwezi wa tano. Alikuwa amekonda, amekata nywele zote, na buti zake zilinuka msitu ndani ya gari lote. Nilikuwa nimejiandaa safari nzima ya kwenda. Tulipopita Cincinnati nikasema, "Mama, ile dawa."

"Haukujua, papa," alisema, akanigusa bega. Halafu simu yake ikalia, alikuwa yule mama anauliza kama amefika salama, wakaongea na kucheka kwa Kihispania mpaka karibu na Louisville.

Nilifikiri imeisha. Nilijiandikisha darasa la Kiingereza la jioni na nimejaza fomu ya uraia. Nasubiri tarehe ya mtihani. Watu wa Okolona bado wananiita dokta, nimeshindwa kuwazuia, lakini siku hizi nawauliza tu kama wameshampigia daktari.

Mwezi wa pili mwaka huu mke wangu, akiwa Buffalo, aliniambia kwa kupita tu kwamba afadhali mtoto amepata nafuu. Nilimwuliza nafuu ya nini. Ndipo akasema binti alikuwa na homa siku nne, mafua makali, kule Columbus, kitandani, na alikuwa amemwomba asiniambie. Alikuwa amempigia mama yake, na yule mama wa kijijini pia, ambaye alimwelekeza jinsi ya kuchemsha tangawizi.

"Hataki uhangaike," mke wangu alisema. "Ni hiyo tu."

Siku iliyofuata nilimpigia binti mchana, wakati wangu wa chakula, nikiwa kwenye maegesho.

"Habari, mama? Mzima?"

"Muzima, papa. Sana."

Nilisikia pua imeziba. Alikuwa anabana pumzi asikohoe, na aliposhindwa akaiweka simu mbali, akairudisha kama hakuna kitu. Nilingoja amalize. Kisha nikamwuliza kuhusu masomo.